Mshika Dumu

Juzi pale Kibirizi nilipitwa na bodaboda iliyofungwa chupa ya petroli kwenye usukani, mpira ukishuka hadi kwenye kabureta. Harufu ile ikanirudisha kwenye pikapu ya Baba, iliyozeeka kuliko babu zangu wote wakijumlishwa.

Alasiri moja nikiwa mtoto, pampu yake ya mafuta ilikufa, nasi tulikuwa na magunia ya dagaa ya kufikisha Ujiji. Baba akachomeka mpira kwenye dumu la petroli, akaupitisha chini ya boneti, kisha akampa dada yangu Mwasiti dumu alishike juu, nje ya dirisha.

“Na mimi je?” nikauliza.

“Wewe panda nyuma na dagaa.”

“Mnafanana harufu,” Mwasiti akaongeza.

Nikanuna hadi mdomo ukafika Kagunga, kule mpakani na Burundi. Akiinua dumu, gari linanguruma; akilishusha, linakohoa. Niliamini kabisa anaendesha yeye, Baba anashika usukani kwa adabu tu. Fizikia ya masomo ya jioni ilinifunza baadaye kwamba mafuta yalikuwa yakiteremka yenyewe. Siku ile nilimwomba Mungu mkono wa Mwasiti uchoke.

Ukachoka. Gari likazima mlimani.

“Haya, malkia wa dagaa, njoo ushike wewe,” Baba akaniita.

Fahari yangu haikufika nyumba ya tatu. Bega likafa ganzi, petroli ikanipanda kichwani. Nyuma, Mwasiti alikuwa amejilaza juu ya magunia, upepo wa ziwa ukimpepea, anaimba na kupungia watu mkono. Nikamwonea wivu upya, mkali kuliko ule wa kwanza.