Mwenzake wa Kukunja Mashuka

Kwa miaka tisa Mama Pacha alikunja mashuka ya hospitali na mwenzake mmoja, mwanamke ambaye chumba kizima cha kufulia kilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Huyu anashika ncha mbili, yule mbili. Walicheka, wakasengenya kidogo, na saa ya kutoka ikawakuta bado wana maneno.

Kisha Mama Pacha akapelekwa kusomea uongozi miezi sita. Alirudi na cheti, daftari lililojaa hadi kwenye jalada, na ofisi ndogo yenye dirisha la kioo linalotazama mashine. Siku ya kwanza Chiriku alimwita bosi. Mama Pacha alidhani ni utani, akasubiri kicheko. Hakikuja.

Akaanza kazi kama alivyofundishwa. Alibandika ratiba ukutani, akagawa fomu za tathmini, akaitisha kikao kila Jumatatu. Watu walitulia kama maji mtungini, wakaitikia kila kitu, wakarudi kufanya vilevile. Mwezi wa pili wodi ya wazazi ilikosa mashuka asubuhi mbili mfululizo. Mama aliyetoka kujifungua alilazwa juu ya godoro tupu. Muuguzi mkuu alikuja kulisema hilo kwa upole, na upole wake uliuma kuliko matusi.

Mchana huo alimkuta Chiriku akihangaika na shuka peke yake. Akashika upande wa pili.

"Tunakosea wapi, mwenzangu?"

Chiriku alimaliza kukunja kwanza. "Tangu urudi hujaniuliza kitu. Unatuambia tu."

Mama Pacha aliona aibu. Sikiliza kabla ya kuamuru: alikuwa ameliandika hilo kwenye mtihani, akapewa alama zote.

Chiriku akamweleza. Wote waliingia saa moja asubuhi, kwa hiyo wapiga pasi walikaa bure mpaka nguo za kwanza zikauke, na jioni kazi ikarundikana watu wakiwa wameshachoka. Mama Pacha alibandua ratiba yake. Wiki nzima alizunguka kwenye mashine akiuliza, ingawa wengine walidhani anawachunguza. Akawatanguliza wafuaji, wapiga pasi wakawa wanaingia saa tatu na kuchelewa kutoka. Hata hilo lilimgomea mwanzoni, maana mpiga pasi mmoja alikuwa na mgonjwa wa kumuuguza jioni. Ikabidi ambadilishie zamu. Polepole likakaa sawa. Wodi ya wazazi haikulala bila mashuka tena.

Kicheko nacho kilirudi. Ila alikisikia kupitia kioo, na kilikatika kila alipofungua mlango.

Mwaka uliofuata hospitali mpya, upande wa pili wa mji, ilitafuta msimamizi wa ufuaji. Muuguzi mkuu akamuuliza nani anafaa. Mama Pacha angeweza kunyamaza. Akamtaja Chiriku, na kwa miezi miwili akamwachia vikao vya Jumatatu, yeye akikaa nyuma kama mwanafunzi.

Chiriku aliondoka mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu akapiga simu.

"Dada, watu wangu hawasemi kitu. Nifanyeje?"

"Acha ofisi. Kakunje nao, halafu uulize. Jibu la kwanza usilipinge."

Chiriku alishukuru, akasema anaitwa, akakata. Mama Pacha alibaki ameishika simu. Alikuwa na mengine ya kumwambia, ya miaka tisa, na hakuna hata moja lililohusu kazi.