Magurudumu Makubwa ya Kigari cha Bibi

Juzi nilikuwa Katoro nikibishana na dereva wa bajaji ya umeme. Si nauli, ya nauli tulishayamaliza, na nilishinda. Tulibishania kilima. "Mama, hii ikibeba watatu inachoka, mota inanuka," alilalamika, akinitazama kiuno kana kwamba mimi peke yangu ndio hao watatu. Nikainama, nikachungulia chini, nikamuuliza kama amebadilisha matairi. Akashtuka. "Umejuaje?" Nimejua tangu darasa la nne. Na wewe ndugu yangu unayesoma, kwa kuwa hukuwepo, sogea nikusimulie.

Kwetu ni upande wa Masumbwe, na aliyenilea ni Bibi. Bibi aliuza michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vigongane kama vijiwe. Siku ya gulio alitandika khanga, akapanga mafungu, akangoja mteja ataje bei ya kijinga ili ugomvi uanze. Ugomvi ndio ulikuwa biashara yenyewe; michembe ilikuwa kisingizio.

Kisha magoti yakamgomea. Misimu miwili akawa mtu wa uani, anakata viazi, wengine wanamuuzia. Michembe iliuzika vizuri tu. Tatizo ni kwamba Bibi alinyamaza. Ungeweza kula ugali na nsansa, ile mboga yetu ya majani ya kunde yaliyokaushwa, ukamaliza, ukanawa, hajasema neno. Mimi niliyezoea kukaripiwa kuanzia asubuhi nilihisi kama nyumba imehamwa.

Mjomba ndiye aliyetuokoa. Alikuwa mlinzi kwenye kambi ya watafuta dhahabu, na kambi ilipofungwa akaachiwa kigari cha betri kilichokuwa kikibeba wageni. Kilikuwa kizee kuliko mjomba mwenyewe. Chini ya kiti zilikaa betri sita, na tulizichaji kwenye jenereta ya mashine ya kusaga, unga na umeme vikitoka pamoja. Bibi alijifunza kukiendesha mchana mmoja. Aligonga kuku mmoja tu, na huyo tulimla bila msiba.

Mimi nilifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la nyuma, nikatembea kando yake nikihesabu mizunguko kutoka mlangoni hadi darajani. Mia nne na thelathini. Kurudi nikahesabu tena: mia nne na thelathini. Hakuna aliyenituma. Ndivyo nilivyo, hata leo chenji naihesabu mara mbili, na ya tatu nikifika nyumbani.

Sasa jirani yetu alikuwa fundi wa mikokoteni ya ng'ombe, anayeheshimika hadi Ushirombo. Kila kigari kilipopita aliyatazama magurudumu yake kwa huruma. "Mayu," alimwambia Bibi, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "haya ni magurudumu au mifuniko ya sufuria?" Kwa mkokoteni alikuwa na haki. Gurudumu likiwa kubwa ng'ombe hupita kwenye mchanga bila kuhema, na kila mtoto wa kwetu analijua hilo. Basi siku moja, bila kuombwa wala kudai chochote, akafunga nyuma magurudumu mawili ya pikapu ya zamani. Kigari kikainuka matako kama bata anayekunywa maji. "Wabeja, baba," Bibi akamshukuru.

Wiki hiyohiyo chini ya kiti kukaanza kunuka nywele zilizoungua. Kwenye kilima cha kwenda gulioni mota iliguna, mwendo ukafa, na ukiigusa huwezi kuhesabu hadi mbili. Mjomba alishatuonya: mota ni hiyo moja, ikiungua msitafute nyingine, wekeni kuku watagie humo kigarini.

Mwalimu wetu wa sayansi akaja na bisibisi. Akaongeza maji ya betri, akakwangua ule unga mweupe kwenye vichwa vya nyaya. Akafungua mota, akatazama kaboni zake, vile vijiti vinavyosuguliwa mpaka vikaisha, bado ndefu. Tukainua kigari kwa jeki, akazungusha gurudumu kwa kidole, breki haishiki. Kila kitu kizima, na mgonjwa yuleyule. Gulio lililofuata moshi ulitoka katikati ya kilima, vijana wakatusukuma hadi nyumbani. Njia nzima Bibi hakuwakaripia hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kesho yake alikitoa kidogo, tambarare tu, hadi darajani. Nikahesabu kitambaa changu. Mia tatu. Nikadhani nimesinzia. Kurudi, mia tatu. Nikamfuata mwalimu nikiwa nimejiandaa kwa kofi, nikamwambia daraja limesogea.

Hakunipiga. Alichora miduara miwili mchangani, mmoja mdogo na mmoja mkubwa, kisha akajipiga paji la uso. "Mota ni ileile, lakini kwa gurudumu kubwa kila mzunguko mmoja sasa inalisukuma gari mbali zaidi. Ni kama nikuambie upande ngazi mbili mbili na ndoo kichwani."

"Mbona ng'ombe hachoki?"

"Ng'ombe anavuta kwa miguu yake. Huyu anasukuma kwa hilohilo gurudumu."

Ikabaki nani amwambie jirani. Mwalimu akakumbuka ana madaftari ya kusahihisha. Bibi akabandika chungu cha matobolwa, viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, akaponda karanga, akamwita fundi.

"Baba, magurudumu yako ni mazuri mno."

"Najua, mayu."

"Yananiaibisha. Kigari kikuukuu kimevaa viatu vya bwana harusi! Na mkokoteni wako wa pamba unatembelea nini?"

"Ya mbao."

"Ya mbao! Fundi mzima?"

Jirani alitafuna polepole. "Sasa mayu, nikiyaomba utanirudishia?"

"Mh. Nimeshayazoea. Acha nifikiri."

Alifikiri mpaka sahani ya pili ikaisha. "Haya, chukua. Kwa sababu ni wewe."

Mtu wa watu akaondoka akijiona amemlaghai bibi kizee. Yale madogo yalikuwa juu ya paa lake, yanazuia mabati yasipeperuke. Alipanda mwenyewe kuyashusha, akaweka mawe mahali pake, kisha akayafunga tena kwenye kigari.

Siku ya gulio nilihesabu mia nne na thelathini hadi darajani, kisha sikuhesabu tena, maana kilima kilianza. Kigari kilipanda taratibu, bila kuguna. Juu kabisa mwalimu, aliyekuwa ametufuata nyuma, akaweka kiganja kwenye mota. Nikahesabu hadi ishirini, nikarudia ishirini nyingine. Hakukitoa. "Vuguvugu kama uji wa mtoto," alisema, akaketi chini akicheka kama aliyetua gunia. Bibi hakungoja majibu. Tulimsikia huko mbele kitini, keshapata mteja: "Bei hiyo? Kwenu viazi vinaota juu ya miti?"

Aligombana misimu mingi baada ya hapo, mpaka wa mwisho. Betri nazo zilikufa moja moja, na kigari kikaenda kwa wanunua vyuma chakavu. Kilima kimechongwa, lami imepita, gulio limehamia kandokando yake. Mwaka jana nilikuta michembe kwenye mifuko ya nailoni, bei imeandikwa juu. Nikataja nusu yake. Binti akatabasamu, akanionyesha maandishi. Nikalipa. Akanishukuru kwa adabu zote, nami nikabaki nimesimama, nikingoja anitukane kidogo.