Mama Vioo na Sindano ya Pili

Saa mbili asubuhi, Mama Vioo anapanga vipande vyake vya kioo juu ya meza ya chuma. Anavipangua, kisha anavipanga tena. Siku nyingine hufanya kazi hii huku akipiga soga na muuguzi mpaka daktari awanyamazishe. Leo soga hana. Roho iko juu juu tangu alipoamka.

Kitandani amelala binti wa miaka kumi, mto umewekwa chini ya mabega ili shingo ijitokeze. Chini kidogo ya koromeo, upande wa kushoto, kuna uvimbe unaotoshana na gololi. Umo ndani ya tezi ya shingo. Hauumi, na hilo ndilo linalowatisha wakubwa.

Mama Vioo si daktari, na wagonjwa wakimwita hivyo huwasahihisha.

"Mimi ni fundi wa maabara," anasema. "Daktari anachoma, mimi napokea, bingwa anasoma. Nikivuruga hapa katikati, hao wawili wametwanga maji."

Kazi yenyewe ukiitazama ni ya kufumba na kufumbua. Sindano nyembamba huvuta seli kutoka kwenye uvimbe, daktari huangusha tone juu ya kioo, naye Mama Vioo hulipaka kwa kioo kingine, mkono mwepesi, kisha hukitumbukiza kwenye chupa ya spiriti. Papo hapo. Hewa ikiwahi, seli hukauka na kubadilika sura, na hapo hata bingwa aliyezeeka kwenye hadubini hawezi kuzisoma.

Wiki iliyopita, hewa iliwahi.

"Mtoto anayechomwa shingoni haruhusiwi kusema, haruhusiwi hata kumeza mate," anaeleza. "Sasa kile kilio kitokee wapi? Kinatokea mkononi."

Binti aliudaka mkono wa Mama Vioo na hakuachia. Naye, mama wa watoto watatu, hakuwa na moyo wa kumbandua. Alibaki pale akimnong'oneza, pole mwanangu, pole, tumeshamaliza. Alipogeuka mezani, matone yalikuwa yamekauka.

Bingwa aliangalia, akaangalia tena, akasukuma kiti nyuma. Hakuweza kusema ni saratani, wala hakuweza kusema siyo.

Hapo Mama Vioo angeweza kujitoa kiulaini. Angesema seli zilikuwa chache, na hakuna ambaye angemhoji, maana hilo nalo hutokea.

"Nilikuwa nao uongo huo mdomoni kabisa," anakiri. "Nikamwona yule baba amesimama kwenye korido, nikashindwa. Nikamwambia, baba, kosa ni langu mimi."

Baba wa binti ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Hakufoka. Aliuliza tu: "Kwa hiyo mwanangu amechomwa bure?" Mama Vioo anasema afadhali angetukanwa.

Na kuna sababu ya kuhangaika. Uvimbe wa tezi si jambo la kila siku kwa watoto, lakini ukimpata mtoto, uwezekano wa kuwa saratani ni mkubwa kuliko kwa mtu mzima. Kwa kuwa jibu halikupatikana, daktari wa upasuaji alishauri nusu ya tezi ikatwe, wasije wakachelewa. Baba akaomba sindano ijaribiwe mara moja tu tena. Ikishindikana leo, ni kisu.

Safari hii baba yumo ndani. Mara ya kwanza alibaki mlangoni, maana yeye na sindano hawapikiki chungu kimoja. Muuguzi anamsogezea kiti. "Kaa, baba. Ukianguka hapa hatuna kitanda cha pili."

Anakaa. Hacheki.

Daktari anashika sindano. Mkono wa binti unainuka, unapapasa, unaelekea kule kule kwa Mama Vioo. Mama Vioo anauona. Anarudi nyuma hatua moja, vidole vimekaza kioo, na uso wake unasema jinsi inavyomchoma.

"Mshike wewe, baba," anasema bila kugeuka.

Baba, macho kayafumba, anaushika.

Tone linaanguka. Kioo juu ya kioo, spiriti. Jingine, spiriti. Kifuniko cha chupa kinafungwa.

Kusubiri ndiko kubaya. Mama Vioo anavitia vioo rangi, anampelekea bingwa, kisha anajipa kazi ya kufuta meza iliyokwishafutwa. Yuko peke yake kwenye kazi ya watu wawili, na ameshamwomba mkuu wa maabara mambo mawili: msaidizi, na ruhusa ya mzazi kukaa ndani kila mtoto anapochomwa.

"Ameniambia tutaona," anasema. "Nitamganda mpaka aone."

Alasiri, bingwa anainua kichwa. Seli zinatosha, na hazina sura ya saratani. Mama Vioo anamwomba aangalie tena. "Siku hizi wewe ndiye bosi wangu?" bingwa anamtania, lakini anaangalia tena.

Daktari anamweleza baba kwamba kisu hakihitajiki kwa sasa. Binti atarudi baada ya miezi sita, shingo ipigwe picha upya. Baba anaitikia kwa kichwa, kisha anamgeukia Mama Vioo aliyejibanza mlangoni.

"Mama, wewe hukunificha. Sindano ikisema hapana, ndiyo hapana kweli?"

Angependa kumwambia ndiyo. Inaonekana kabisa jinsi anavyolitaka hilo neno.

"Mara nyingi ni kweli, baba. Si mara zote. Ndiyo maana mtarudi. Hii ni hapana ya leo."

Fundi baiskeli anampakata binti yake, ambaye umri wa kupakatwa umempita, na binti hakatai.

"Basi nipe hiyo hiyo ya leo," anasema. "Nyingine tutaijia."