Namba ya Delbert ya Saa Sita Mchana

Orpha Tackett hakumkaribisha mgeni kahawa, na katika mji ule wa Indiana hilo lilitosha kumjulisha mtu kwamba hatakiwi. Alimwacha yule kijana wa chuo kikuu, Wendell Kroeger, atandaze ramani zake mezani, naye akasimama mlangoni, mikono kifuani. Alidhani anajua kilichomleta.

Miaka tisa nyuma, siku moja ya Aprili, vimbunga kumi na tisa viliipiga nchi ile. Marehemu mumewe, Delbert, alikuwa akiisomea idara ya hali ya hewa vipimajoto kwenye kisanduku cheupe uani. Saa sita mchana aliandika namba iliyoonyesha kwamba hewa imejaa unyevu, dalili ya dhoruba. Akakimbilia shuleni, akamganda mkuu wa shule mpaka watoto wakashushwa chini ya jengo. Saa nane na nusu kimbunga kikang'oa paa la shule. Mwanzoni watu walimbeba juu juu. Kisha minong'ono ikaanza: Delbert alibahatisha tu, namba akaipika jioni ili aonekane mjuzi.

"Nani kakutuma?" Orpha aliuliza.

"Hakuna, Bi Tackett. Natafuta kilichovizaa vile vimbunga. Vituo vyote jirani vinasema hewa ilikuwa kavu mpaka saa nane, ndipo unyevu ukapanda kutoka kusini, mambo yakaharibika. Kwa mumeo peke yake ulifika saa sita."

"Basi sema. Mume wangu mwongo."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umebeba ramani nne zikusemee."

Bila maelezo, Kroeger alisema, namba ile itafutwa na pembeni itaandikwa haiaminiki. Akauliza habari za kitambaa. Kipimajoto kimoja huvishwa kitambaa chenye maji. Hewa kavu ikiyakausha, zebaki hushuka. Kitambaa kisiponyonya maji, zebaki hubaki juu, na hewa kavu ikaonekana nyevu.

"Alikuwa akikibadilisha?"

"Delbert? Angekiacha kiote ukungu. Mimi ndiye niliyekivua nikakifua na nguo zangu za Jumatatu."

"Kwa sabuni tu?"

Orpha aliyatazama mapazia yake. Nyumbani kwake kila kitu cheupe kilitiwa wanga. Majirani walitania kwamba aproni zake zingeweza kwenda kanisani zenyewe.

"Siku ya vimbunga ilikuwa Jumanne," alisema, akakaa. "Jana yake nilikifua, nikakitia wanga. Kilikuwa kigumu kama karatasi, maji yasingepenya."

Kroeger aliandika haraka, uso umemkunjuka. "Basi hakupika kitu. Alisoma alichokiona. Nitaandika hivyo hivyo, kosa ni la kitambaa, na hao wanaonong'ona wasome."

"Hao hawanihusu." Orpha aliisukuma ramani pembeni. "Delbert aliniapia mara ngapi kwamba hakuipika, hapo hapo ulipokaa wewe. Nikamwambia sawa, Delbert, nakuamini. Sikumwamini. Nimemzika nikimshuku."