Mwanvua Adai Kosa Lake

Usiku kucha Mwanvua hakulaza ubavu. Alikaa mkekani, uso barabarani, akingoja habari za Chadia, bintiye wa pekee. Kila pikipiki iliyopita ilimwinua. Kila moja ilishika njia yake. Aliogopa jambo moja tu: kwamba Chadia ameshajua.

Chadia alikuwa na kazi ambayo majirani pale Kasongo hawakuielewa. Depo za dawa, yaani maghala, za Kabambare na Salamabila zilitumia kompyuta zilizokuwa Kindu, nyingi ndani ya mashine moja kubwa, kama wapangaji katika nyumba moja. Mtu wa depo hakuweza kuifikia skrini yake moja kwa moja. Katikati palikuwa na programu, proksi, isiyopumzika mchana wala usiku: ilipokea ombi, ikakagua ruhusa ya mtu, ndipo ikampelekea skrini.

"Ni kama mshenga, Mama," Chadia alimweleza. "Mshenga akilala, hakuna posa."

Kazi ya Chadia ilikuwa kuhakikisha mshenga hasinzii.

Lakini mshenga huyo, ile proksi, aliishi kwa Léocadie, mjane mwenye antena na betri za sola uani. Chadia akashinda kule, akala kule, hata akaanza kumwita Mama Léo. Siku moja Mwanvua alipika sombe, majani ya muhogo, binti akaonja, akasema, "Mama Léo yeye anatia mawese kidogo." Neno hilo lilimkaa Mwanvua kooni kama mwiba wa samaki.

Ndiyo maana jana jioni, Chadia akiwa bafuni, simu yake ilipolia Mwanvua aliipokea. Alikuwa Octave wa depo ya Kabambare.

"Skrini zote nyeusi! Wauguzi wananingoja hapa!"

"Chadia iko anakula kwa mama yake. Piga kesho."

Akaificha simu chini ya nguo chafu. Saa mbili baadaye Léocadie alituma pikipiki, na Chadia akaondoka mbio bila kugusa chakula.

Baada ya sala ya alfajiri Mwanvua alikwenda kwa Léocadie. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimefungwa. Nje, Léocadie alikuwa akichambua mchele.

"Karibu, mama Chadia. Mutoto iko ndani. Proksi inafanya kazi tena, lakini wakubwa wa Kindu walitaka kumfukuza kazi. Nikawaambia kosa ni langu: Octave alinipigia mapema, nikasahau."

"Alikupigia?"

"Si mapema. Alinipigia baadaye, akaniambia mwanamke alimjibu kwenye simu ya Chadia. Nikajua ni nani."

"Na Chadia?"

"Ameamini ni mimi. Ananinunia tangu usiku."

Mwanvua alipaswa kushukuru. Badala yake kifua kilimwaka. Mtoto humnunia mama yake!

"Umemlisha mwanangu, umemlaza. Sasa hata kosa langu unaninyang'anya? Hata kununiwa, ununiwe wewe?"

Léocadie akacheka hadi mchele ukamwagika. "Basi lichukue, mama! Mimi nilikuwa nalihifadhi tu."

Mwanvua akagonga mlango. "Chadia! Ni mimi nilificha simu. Si huyu."

Ndani, vidole vikanyamaza juu ya kibodi.

"Kwa nini, Mama?"

"Wivu."

Komeo likavutwa. Chadia, macho mekundu kwa kukesha, aliwatazama wote wawili, akasogea kando wapite.

Léocadie aliinuka na ungo wake. Mwanvua akamtangulia kuingia.