Siku Niliyoambiwa Nilete Kalamu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini na kalamu mpya kwenye mkoba, moja kwa kila mtu, na watu wakanitazama kana kwamba nimewaletea mawe. Meza ilikuwa imetandikwa kitambaa, sahani zimepangwa, birika la chai linafuka. Mkurugenzi, aliyekuwa amenipa kazi wiki iliyotangulia, alizitazama zile kalamu, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole chakula kiko wapi.

Nilimjibu kwamba hakuna aliyeniambia habari za chakula. Maneno yake niliyashika vizuri: kwenye meza hii, kila mgeni huleta kalamu siku ya kwanza.

“Ndiyo,” akasema. “Kalamu. Watu wanakula, wanafulahi.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkurugenzi alikuwa Muganda aliyejifunza Kiswahili uhamishoni Nairobi, akakipenda kwa maneno yake makubwa, lakini ulimi wake ulikuwa na desturi zake. Penye r ulitia l, na penye l, mara nyingine, ulitia r. Karamu yake ilikuwa kalamu. Nami, Mkenya wa Kakamega niliyeajiriwa kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka, nilikuwa nimewaacha watu na njaa kwa sababu ya unyoofu huohuo. Nilitaka kulia. Mchoraji Mkuu, Okot, alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta, ukuta ambao bado ulikuwa na matundu ya risasi za vita vilivyokuwa vimekwisha juzijuzi.

Mkurugenzi hakucheka. Alichukua kalamu moja, akaizungusha vidoleni, akaniita bibi kwa Kiganda chake: “Nnyabo, umesikia vibaya vizuri sana. Kaa.”

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofanya kazi hii ya matangazo sasa, ambao nasikia mnabonyeza kitufe na mawazo yanawatoka tayari yamepigwa pasi. Sisi tulikuwa tunayatafuta. Nataka mjue tulivyoyatafuta, kwa sababu naikumbuka ile meza kuliko ninavyoikumbuka nyumba yoyote niliyopata kukaa, na ningetoa vingi nikalishwe tena mbele yake asubuhi moja tu.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya fundi cherehani, upande wa Nateete. Tulitunga matangazo ya redio na mabango ya barabarani. Cheo changu kilikuwa Mwandishi wa Kiswahili, na kazi yangu ilikuwa kuwasemesha wale ambao Kiganda na Kiingereza havikuwafikia sawasawa: askari na wake zao kambini, Wakenya wenzangu, Wakongomani waliokuja kununua bidhaa kwa jumla. Okot alikuwa mtoto wa sajini kutoka kaskazini, amekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gwaride na foleni ya maji. Aliitwa Mchoraji Mkuu ingawa hapakuwa na mchoraji mwingine wa kuwa chini yake.

Mbinu ya kwanza niliyofundishwa iliitwa kumwaga. Asubuhi, kabla ya chai kumalizika, kila mtu alitakiwa kutoa mezani mawazo yote mabovu aliyoamka nayo, bila aibu, na hakuna aliyeruhusiwa kukataa la mwenzake. Aliyesema hapana aliinuka akaosha vikombe. Niliviosha sana mwezi wa kwanza. Mkurugenzi aliniambia kichwa ni kama bomba lililokaa bila kufunguliwa: maji ya mwanzo ni kutu, na anayefunga bomba kwa kuiogopa kutu hatakunywa.

Ya pili iliitwa kuazima macho. Tukipewa kazi ya kuuza taa za karabai, hatukukaa kuizungumza. Mkurugenzi alinipeleka Ggaba, ufukweni mwa ziwa, alfajiri, nikae na wanawake wanaonunua samaki mashua zinapotia nanga, na nikirudi nisiseme “wao”. Niseme “mimi”. Mimi ninayechagua samaki ngege gizani na kuuziwa aliyelala jana. Ukikosea ukasema “wao”, ulirudishwa Ggaba. Okot alikuwa hodari kwa hilo kupita kiasi. Kuna siku alizungumza kama beseni mpaka chakula cha mchana, akilalamika namna anavyobebwa.

Ya tatu ilikuwa kupindua. Unauliza swali kinyume: tufanyeje ili mtu asinunue sabuni hii maisha yake yote? Mtashangaa watu walivyo wepesi wa kuharibu. Majibu yalimiminika, nasi tukayageuza moja moja kama chapati.

Lakini ya nne ndiyo iliyokuwa yetu wenyewe, na ilizaliwa siku ile ya kalamu. Tuliiita kusikia vibaya. Mmoja anasema neno, na mwenzake anatakiwa alisikie vingine, kisha alifuate huko lilikokwenda bila kuomba radhi. Wazo lililopatikana hivyo tuliliita karamu, na sote tulilitamka vizuri isipokuwa Mkurugenzi mwenyewe.

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu ndio uliotupa jina mjini. Mfanyabiashara wa mabati alikuja na maneno yake mwenyewe, anataka yasomwe redioni: mabati yetu kwa kila mahali. Miaka ile kila mtu alikuwa anaezeka upya, mabati yalijiuza yenyewe, na maneno hayo yalikuwa yamepoa kama uji wa jana. Mkurugenzi aliyasoma kwa sauti. Akayasoma tena.

“Mzee,” Okot akasema, “mimi nasikia mahari. Ile ya kuoa.”

Sikumwambia hapana. Nilishajifunza. Nilimuuliza ni nani basi anayetoa mabati kama mahari, akasema yeye angetoa, maana ng'ombe wananyeshewa. Kabla chai haijapoa tulikuwa na tangazo zima: wazee wamekaa kwenye sherehe ya kumtambulisha bwana harusi, mshenga anahesabu ng'ombe, naye mama mkwe, ambaye hajafungua mdomo tangu asubuhi, anasema ng'ombe warudi kwao, yeye anataka paa. Mimi ndiye niliyeigiza sauti ya mama mkwe. Nilipokuwa napanda kilima kurudi nyumbani Kibuli nilisikia watoto wakiniiga bila kujua ni mimi, nikafurahi kwa siri mpaka mlangoni.

Nilipandishwa nikawa Mwandishi Mkuu, na miaka ikapita hivyo, mezani. Sitawadanganya kwamba tulipendana kila siku. Okot alikuwa mchelewaji na mimi nina ulimi. Lakini kulikuwa na kitu kilichotokea tukikaa pale watatu, ambacho sijakipata tena kanisani, wala chamani, wala kwa wanangu. Nasema jambo la kipuuzi, Okot analidaka, Mkurugenzi analipotosha, na ghafla lipo mezani, jipya, si la mtu. Nilikuwa nahisi kifuani kama mtu aliyeitwa jina lake.

Kisha Mkurugenzi akazeeka, na ofisi ikauzwa. Wenye mali wapya walimleta Meneja wa Ubunifu, mwanamume mwenye adabu na viatu visivyopata vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kila mmoja awe na chumba chake cha mbao na kompyuta yake, mawazo yatumwe kwake, yeye achague. Meza, alisema, inakula nafasi na inakula muda. Mkurugenzi, ambaye walimwacha kwa mkataba wa kuagana, alimwomba jambo moja. Kampuni ya majani ya chai ilikuwa inatafuta watu wa kuitangaza, na ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizopata kuona. Aturuhusu tuitafute kwa njia yetu. Tukiipata, meza ibaki. Tukiikosa, aiondoe.

Meneja alikubali. Tulikaa, tukamwaga. Tukaazima macho ya wachuma chai na ya wauza vitafunio. Tukapindua, tukasikia vibaya kwa zamu. Hakuna kilichokuja. Nimelifikiria jambo hili miaka yote na nadhani najua sababu. Chai ilikuwa mbele yetu kila asubuhi tangu siku ya kwanza. Tulikuwa tunaitumia kufikiria vitu vingine, na tulipoambiwa tuifikirie yenyewe, hatukuiona. Siku ya kwenda kwa wateja tulibeba maneno ambayo Okot hakutaka hata kuyachorea. Wakatushukuru, wakawapa kazi wengine.

Meza ilishushwa ngazi na vijana wa fundi cherehani, ambaye aliinunua ya kukatia vitambaa. Mkurugenzi alisimama dirishani mpaka ikafika chini. Aliniambia kitu kimoja tu.

“Ilikuwa kalibu, nnyabo, ile ya chai. Naisikia bado.”

Alistaafu mwezi huohuo, akahamia Ggaba. Okot alirudi kwao Gulu. Mimi nilibaki kwenye chumba cha mbao mpaka umri wangu wa kustaafu, wakiniita Mshauri, nikituma mawazo kwa Meneja, naye akinijibu kwa ustaarabu. Yalikuwa mawazo mazuri, baadhi yake. Niliyapata peke yangu na niliyatuma peke yangu, na siku mtu aliponipongeza nilikuwa nageuka kumtafuta Okot nimwambie, nakuta ubao.

Sasa nakaa Kibuli na wajukuu. Vijana hunijia, wengine ndio nyinyi mnaosoma hapa, kuniuliza siri ya ubunifu. Nimewapa hizo mbinu nne, mzitumie, zinafanya kazi. Lakini sijui niwaambieje mpate watu wa kuwasikia vibaya. Hilo halifundishiki.

Msimu wa mvua uliopita Mkurugenzi alinipigia simu. Sauti ilikuwa imepungua, sikuijua mara moja. Alisema, “Nnyabo, njoo kesho. Okot yuko mjini, anakuja. Lete kalamu.”

Nilicheka baada ya kukata simu. Nilikuwa nimekomaa sasa, sikuwa wa kuangushwa mara ya pili. Nilipika matoke ya kufungwa kwenye majani, ngege wa kukaanga, mchuzi wa karanga, chapati. Deni la siku ya kwanza, nilijiambia, nalilipa leo. Nikapanda boda boda na sufuria mapajani mpaka Ggaba, kijana wa boda akilalamika njia nzima kwamba harufu inamtesa.

Okot alikuwa ameshafika, mvi kichwa kizima, akanipokea sufuria. Mkurugenzi alikuwa amekaa barazani mbele ya meza ndogo yenye birika la chai. Alifunua kifuniko, akatazama ndani, akanitazama.

“Hii nini?”

“Karamu, Mzee. Ulisema nilete.”

“Nirisema kalamu,” akasema. “Ya kuandika. Nimepata ile ya chai.”

Tulimtazama. Alisema wazo lile tulilolikosa lilimjia alfajiri ya jana, zima, maneno machache tu, na nyumbani kwake hakukuwa na kalamu hata moja kwa sababu wajukuu wote wanaandika kwa simu. Hakutaka kuyasema kwenye simu yangu yakapotea njiani. Okot akatoa simu yake upesi, akasema, Mzee, wewe sema tu, mimi naandika hapa. Mkurugenzi akafungua mdomo. Tukamwona akitafuta. Alitafuta muda mrefu, mkono wake ukiwa juu, halafu mkono ukashuka.

“Imekwenda,” akasema.

Niliumia. Si kwa ajili ya chai, kampuni yenyewe ilishafungwa. Niliumia kwa kuwa alilibeba usiku na mchana akinisubiri mimi nilete kijiti cha wino, nami nimekuja na samaki. Nilianza kuomba radhi, naye akanikatiza kwa kiganja, akavuta sahani.

“Basi,” akasema. “Kula.”

Okot alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

“Kura?” akauliza. “Mzee, tunachagua nani?”

Nilisikia kifua changu kikifunguka kabla sijajua kwa nini. “Chai,” nikasema. “Tunapigia chai.”

“Hii hapana pigiwa,” Okot akasema. “Hii naingia tu kila nyumba. Hakuna mtu alichagua.”

“Na haitoki,” nikasema. “Umeona nani ameitoa?”

Mkurugenzi alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka, na macho yake yalikuwa yale ya ghorofani Nateete. “Mwaga,” akasema. “Mwaga, mwaga.”

Tukamwaga mpaka mvua ikaja na kupita. Mawazo yalitoka mengine mabovu kabisa, mengine ningeyapeleka kwa mteja yeyote bila kupepesa. Matoke yalipoa, tukayala yakiwa yamepoa. Simu ya Okot ililala kando ya sahani na hakuna aliyekumbuka kuandika neno, na nilipomuuliza baadaye barabarani kama anakumbuka lile la mwisho lililotuvunja mbavu, alikuwa amelisahau, na mimi pia.

Tangu siku hiyo nimetia kalamu kwenye mkoba, na sufuria ile naiosha naiweka karibu na mlango, maana Mzee akiniita tena sitajua anataka ipi. Nitabeba zote mbili. Simu bado haijalia.