Nati ya Landrova ya Mayige
Fundi wa njia ya Ngulyati haliamini bati mpaka aligonge na kulitegea sikio, kama anayechagua tikitimaji. Kila nati huikaza mara mbili, kisha huipapasa. Mteja wake Mayige alimletea Landrova ya marehemu baba yake, naye fundi akahangaika miezi minne kuikalisha bodi ile juu ya chasisi mpya ya Hailaksi. Siku ya majaribio nilikuwepo gereji; gari liliteleza kimya. Mayige akashuka amenuna.

“Fundi, hili siyo gari la baba. La baba tulikuwa tunalisikia likiwa bado ng'ambo ya mto.”

Fundi alifungua nati moja ya mlango, akamwambia ajaribu tena. Mayige akaondoka akikenua meno, mlango ukilia kwenye kila shimo. Fundi akaitia nati mfukoni.

“Mkewe ataifuata kesho,” akaniambia.